Kikundi cha wanawake wanaokoma hedhi: tukiendesheje, na mpaka wetu ni upi?

Mlezi_wa_Kikundi:
Habari zenu wanajukwaa. Tuna wanawake 12, wengi kati ya miaka 45 na 55, wanaotaka kukutana kila baada ya wiki mbili ili wasaidiane kipindi hiki cha kukoma hedhi. Kuna wanaosumbuliwa na joto la ghafla na jasho la usiku, kuna waliopotelewa na usingizi, na kuna wanaoshikwa na hasira au huzuni ambayo hawajui imetoka wapi. Wawili walitolewa ovari zote (vifuko vya mayai) kwa upasuaji kabla ya kufikisha miaka 40. Naomba kujua kikao kiendeshwe vipi, na lini tumwambie mwenzetu kwamba hili si la kikundi, aende kwa daktari. Pia tuwafanyeje wanaokuja na chupa za dawa za kuuza?

Mkunga_Mwandamizi:
Hongera dada. Nianze na mpaka, maana hapo ndipo kikundi chenye nia njema kinapoweza kumchelewesha mtu.

Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi ikipita miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama ujauzito au dawa. Kabla ya hapo ni mpito, unaweza kuchukua miaka, na damu huja inavyotaka. Lakini miezi 12 ikishatimia, damu yoyote, hata tone kwenye chupi, ipelekwe hospitali mapema bila kusubiri ya pili. Mara nyingi huwa ni ukuta wa uke au wa mfuko wa uzazi uliosinyaa. Hata hivyo, ndiyo pia dalili ya mapema ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo ikiwahiwa hutibika vizuri. Mtu akisema "hedhi yangu imerudi", msimpongeze, msindikizeni akapimwe.

Wengine wa kuwahisha ni hawa: anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, anayetoka jasho usiku huku anakonda au anakohoa (kifua kikuu nacho hutoa jasho la usiku), anayetetemeka mikono na moyo kwenda mbio hata akiwa ametulia (huenda ni tezi ya thairoidi), na yeyote ambaye hedhi imekoma kabla ya miaka 45. Anayesema hatamani kuishi asiachwe arudi nyumbani peke yake siku hiyo.

Hao wawili waliotolewa ovari wana hali yao. Estrojeni, homoni ya kike inayotengenezwa na ovari, ilikatika kwa siku moja, haikushuka polepole, kwa hiyo joto huwa kali zaidi, na mifupa na moyo hukaa bila kinga yake kwa miaka mingi zaidi. Kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni angalau hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, karibu miaka 51, kama hawana kizuizi. Waulizeni kama waliwahi kuelezwa hilo.

Mwezeshaji_Duara:
Kikao kiwe cha dakika 90, kisizidi. Dakika 10 za kukaribishana na kukumbushana sheria mbili: yasemwayo humu yabaki humu, na ushauri hautolewi mpaka mwenyewe auombe. Kisha mzunguko wa dakika 40, kila mtu dakika 3 zake, na saa ishikwe na mtu mwingine, si wewe. Dakika 25 za mada moja tu. Dakika 15 za mwisho kila mmoja ataje jambo moja atakalolifanya kabla ya kikao kijacho.

Bila saa, wawili watatu wataongea hadi mwisho, na yule mkimya aliyekuja na jambo zito ataondoka nalo. Na ushauri usioombwa hugeuza kikao kuwa mashindano ya nani anateseka zaidi. Wauzaji wapeni jibu moja kwa wote: hakuna kuuza chochote ndani ya kikao, wala mlangoni.

Chombo chenu kikuu kiwe daftari. Kila joto linapopanda, mtu aandike tarehe, saa, ukali (1 hadi 3), alichokula au kunywa muda mfupi kabla, na kama lilimwamsha usiku. Baada ya wiki mbili wengi huona mpangilio: kinywaji cha moto, pombe, pilipili, chumba kisicho na hewa, nguo ya kubana. Daftari hilohilo ndilo la kumpelekea daktari, kwa sababu "nasikia joto sana" humpa kidogo cha kufanyia kazi, ilhali "mara tisa kwa siku, nne usiku" humpa pa kuanzia.

Viti viwekwe karibu na dirisha, na anayetaka kutoka nje atoke bila kuomba ruhusa.

Mfamasia_M:
Naongeza kuhusu dawa, kwa kuwa hofu ndiyo imetawala hapa. Utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, ulipotangazwa mwaka 2002, uliwafanya wengi waache homoni za kutibu dalili za ukomo kwa kuogopa madhara. Washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wakiwa mbali na ukomo wao. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi ni kama saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini, au damu ya ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, lazima iambatane na projesteroni (homoni nyingine ya kike), la sivyo ukuta wa mfuko hunenepa na unaweza kuzaa saratani. Ndiyo maana kuazimana dawa ndani ya kikundi ni hatari: kidonge kilichomfaa aliyetolewa mfuko wa uzazi kinaweza kumdhuru aliye nao.

Ukavu ukeni hautulii wenyewe kama joto linavyotulia, huzidi kadiri miaka inavyokwenda. Kilainishi cha maji husaidia wakati wa tendo, na krimu ya estrojeni ya kiwango kidogo hutibu chanzo. Mafuta ya kujipaka hupasua kondomu za mpira. Na kinga ya mimba bado inahitajika: mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka 50, miaka miwili kwa aliye chini ya hapo.

Mlezi_wa_Kikundi:
Asanteni sana. Mada ya kwanza iwe ipi? Nawaza mifupa.

Mkunga_Mwandamizi:
Mifupa ni sawa, na msiishie kwenye maneno. Kila mtu akae kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, asimame na kukaa mara 8 hadi 12, apumzike, arudie hadi awamu tatu. Angalieni magoti yasiingie ndani, asijiangushe kitini, na asibane pumzi maana presha hupanda. Anayefikisha 12 bila shida ashike mzigo. Siku mbili kwa wiki, zisifuatane. Kalsiamu ni miligramu 1200 kwa siku kwa aliyevuka 50, chakula kikihesabiwa kwanza. Anayetumia vidonge asimeze zaidi ya 500 kwa mkupuo, kwa sababu kinachozidi hapo mwili hukifyonza kidogo.

Mwenye maumivu mapya ya mgongo, au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, aonane na daktari kwanza kabla ya zoezi.