Me 262 yenye mabawa ya digrii 45: ingebadilisha vita au la?

Mtaka_Anga: Wakuu, jana nimelala saa nane usiku kwa ajili ya hii kitu. Me 262 wote tunaijua, jeti ya kivita ya Mjerumani, ya kampuni ya Messerschmitt, iliyoingia Vita Kuu ya Pili 1944. Sasa walikuwa na mpango wa kuiongezea kasi kwa hatua tatu, HG I, HG II na HG III, na hiyo ya tatu ndo imeninyima usingizi: mabawa yamelazwa nyuma digrii 45, injini zimetolewa chini ya bawa zikazamishwa pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Haikujengwa. Naomba tujadili, ingewahi mwaka mmoja tu mapema, Wamarekani wangethubutu kuleta mabomu mchana kweupe? Mimi nasema wasingethubutu. Mjerumani siri ya bawa la kulala, lile linaloipa jeti kasi, alishakuwa nayo tangu 1935, mtaalamu wao Busemann aliieleza Rome mbele ya watu, na ndo maana hata hii 262 ya kawaida mabawa yake yamelala.

FundiDizeli: Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Mabawa ya 262 yamelala digrii 18 na nusu tu na hayakulazwa kwa ajili ya kasi. Injini zilikuja nzito kuliko walivyotegemea, mizani ya ndege ikavurugika, wakayasukuma nyuma ili ikae sawa. Ni hesabu ile ile ya kusogeza gunia kwenye keria ya baiskeli.

Mtaka_Anga: Yani nimeandika aya nzima wewe umeona gunia la baiskeli. HG III umeikwepa, jibu swali.

FundiDizeli: Sijakwepa, nakuja. Mimi ni fundi injini mwaka wa 14 huu kwa hiyo nauliza kitu kimoja, hiyo HG III unaifunga injini gani? Jumo 004, injini ya 262, ilikuwa inadumu saa 10 mpaka 25 hivi halafu inashushwa, kwa sababu nikeli na kromi hawana, vyumba vya kuchomea mafuta wanatengeneza kwa chuma cha kawaida wanakipaka alumini. Machi 1942 waliijaribu ndege na injini za BMW, zote mbili zikazima angani, rubani Fritz Wendel akaokolewa na injini ya propela waliyokuwa wameiacha puani. Ikapaa kwa jeti peke yake Julai 18 mwaka huo huo, tena na Jumo. Bawa lilale digrii 45 au 90, ukikanyaga moto pupa injini inaungua.

Kaka_Mkubwa: Mnazunguka mbuyu. Aliyeua hiyo ndege ni Hitler, alitaka ibebe mabomu. Mjadala umeisha.

FundiDizeli: Haujaisha mkuu. Hata asingetaka mabomu injini zilikuwa hazijawa tayari kwa wingi mpaka katikati ya 1944.

MwanaMsasani: Mnalumbana bure, michoro ya Mjerumani haikupotea. P.1101, jeti nyingine ya Messerschmitt, Wamarekani waliikuta Oberammergau, Ujerumani, 1945 haijamalizika, wakaibeba kwa kampuni yao ya Bell, 1951 ikatoka X-5, ndege ya majaribio inayobadilisha pembe ya bawa ikiwa angani. Na Ta 183, mchoro wa jeti wa Mjerumani Kurt Tank, ndo ikawa MiG-15 ya Mrusi, MiG-15 ikazaa MiG-17, kwa hiyo hata zile MiG-17 za Amin zilizochomwa na Waisraeli walipovamia uwanja wa Entebbe 1976 ni wajukuu wa Mjerumani.

Bibi_Sukhoi: Hapo kwenye MiG-15 nakukatalia kabisa na nimechoka kuisikia hii habari. Kufanana kwa sura si undugu. Moyo wa MiG-15 ulikuwa Nene, injini ya jeti ya Rolls-Royce, Waingereza wenyewe waliiuza kwa Mrusi 1946 naye akaiiga. Tena Tank mwenyewe alienda Argentina na mawazo yake yote kichwani, akajenga jeti ya Pulqui II, akaifunga Nene hiyo hiyo, ikaishia kuwa ndege ya majaribio. Kama mchoro wa Ta 183 ulikuwa dawa, mbona mwenye dawa hakupona?

MwanaMsasani: Argentina hawakuwa na hela, usilinganishe na Stalin. Na Sabre, jeti ya Mmarekani, je? Vile vibao vya mbele ya bawa vilitoka kwenye 262, bisha na hilo.

Bibi_Sukhoi: Hilo la Sabre ni kweli na sijalikataa. Nimesema MiG. Soma kwanza.

Mtu_wa_Jinja: Ssebo, tuseme vizuri. Hizo ndege hazikuwa za Amin, zilikuwa za Uganda. Na wanajeshi waliouawa usiku ule pale uwanjani walikuwa watoto wa watu. Rekebisha.

MwanaMsasani: Kila mtu anaziita hivyo, sikuwa na nia mbaya.

Mtu_wa_Jinja: Nia sijakuuliza.

Binti_Ruvu: Nasoma tangu mwanzo nangoja mtu ataje waliozijenga, kimya. Viwiliwili vya 262 vilitengenezwa kwenye mahandaki ya Gusen kule Austria, na wafungwa wa kambi, walikufa kwa maelfu. Sasa mtu anaomba ndege hiyo ingewahi mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa nani?

Kaka_Mkubwa: Dada hii ni mada ya ndege, ya kambi ifungulie yake.

Binti_Ruvu: Ndiyo mada yenyewe. HG III ingejengwa na mikono ile ile, iliyokuwa inakufa kwa njaa. Unataka usahihi wa bawa kutoka kwa mtu aliyekula supu ya maji?

Mtaka_Anga: Jamani mimi sikumtetea Hitler, hilo nalikataa mchana kweupe. Niliuliza habari za ndege. Tuseme basi injini ipo, ile mpya ya HeS 011 imekamilika, mafuta yapo...

FundiDizeli: HeS 011 zilitoka chache sana na hazikuingia vitani. Tena mafuta hayakuwepo. Unatoa kimoja kimoja mpaka swali linabaki bawa tupu.

Mtu_wa_Jinja: MwanaMsasani bado nakungoja.