Eti gari nzima, mbovu ni dereva! Huyu fundi leo kanivua nguo

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Yule wa huku Tegeta, mwenye kofia, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui".

Nina Toyota IST namba D, nimeinunua kwa mtu mwezi wa tatu. Mjini spidi 40 imetulia kama maji ya mtungini. Ingia barabara ya Bagamoyo, fika 80, kanyaga kiraka ukiwa kwenye kona: mbele inaenda Bunju, nyuma inataka kurudi Mwenge!

Nikampelekea. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, NYUMA. Akazama mbele. Akabadili boljointi, akabadili linki za stabilaiza, laki na themanini ikaondoka. Nyuma hakuinama hata kuchungulia.

Leo narudi kumwambia bado inapepesuka. Kakaa kwenye kiti cha plastiki anakula mihogo, wateja sita wanasubiri. Akanijibu bila kunyanyuka: "Bosi, gari nzima. Mbovu ni dereva." Vijana wake wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mlio wa ile spana bado uko masikioni mwangu.

Dereva! Mimi! Nimepeleka Fuso Tunduma na kurudi bila mkwaruzo! Mbovu ni dereva, mbele ya watu sita, na mihogo mdomoni!

Kiberenge: Pole mkuu. Ila IST, spidi 80, kwenye viraka... hata mimi ningeangusha spana.

BintiKigamboni: Mihogo ya kuchoma au ya kukaanga?

Mleta uzi: Mihogo haihusu! Nimeambiwa MBOVU NI DEREVA!

MzeeWaSpringi: Vijana acheni utani, hiyo kitu inaua. IST inayovuta kwa mbele, nyuma ina ekseli moja inayounganisha tairi zote mbili, imeshikwa kwenye bodi na bushi mbili kubwa za mpira. Mpira ukichanika, ekseli yote inahama kidogo ukikanyaga shimo, na tairi za nyuma zinakata kona bila ruhusa yako. Pima upepo kwanza. Halafu bonyeza kona ya nyuma kwa nguvu, uachie. Ikiendelea kudundadunda, shokapu imekwisha. Kisha nyanyua, weka stendi, usiingie chini kwa jeki tupu. Chomeka mtaimbo pembeni ya bushi, sukuma huku unatazama mpira.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Nimetoka kuchungulia na tochi ya simu. Bushi ya kushoto ina ufa, ukucha unaingia wote. Sasa mbovu ni dereva au ni bushi? Watu sita walisikia!

Kiberenge: Kawaambie wote sita, mmoja mmoja.

VitzNyekundu: Afadhali wewe. Mimi nimelipia alaimenti, ile ya kunyoosha tairi, "mbele na nyuma" mara tatu. Juzi ndiyo naambiwa ekseli ya nyuma ya aina hiyo haina hata nati ya kurekebishia. Walikuwa wanarekebisha nini?

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa fundi.

TairiKipara: Alaimenti si kitu. Mimi niliuziwa tairi "mpya kabisa", kufika nyumbani nasoma ubavuni 3516. Wiki ya 35, mwaka 2016! Mpira umekauka kama kashata.

BintiKigamboni: Heee! Ni yule wa pale kona?

TairiKipara: Huyo huyo. Na alinichekea.

VitzNyekundu: Yule kaniuzia hata betri! Siku nne tu, nasukumwa na bodaboda.

Mleta uzi: Mnakumbuka lakini alivyosema mbovu ni...

Kiberenge: Huyo wa tairi yuko upande gani, nisije nikapita?

TairiKipara: Ukitoka stendi, mkono wa kushoto, pale wanapouza mihogo.

BintiKigamboni: Sasa hivi bado ipo ya moto?