Naomba ushauri: zipu ya pochi ya vipande vya vitenge inajikunja

Ndugu mafundi na wapenzi wa ushonaji, nawasalimu kutoka Mbeya. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikikusanya mabaki ya vitenge kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, ambaye zamani alikuwa akiyatupa na sasa, baada ya kuona nayafuata kila Jumamosi, ameanza kuyathamini mwenyewe. Nimeyaunganisha na miguu ya suruali kuukuu ya jinzi ili nimshonee mama pochi yenye upana wa sentimita 22 na kimo cha sentimita 14, nikitumia cherehani ya kukanyaga.

Pochi ya kwanza ilisimama vizuri, lakini nilipoifua kitenge kilinywea na mshono wa zipu ukajikunja. Nadhani kosa langu lilikuwa kutofua vipande kabla ya kukata, kwa kuwa pamba mpya hunywea inapopata maji mara ya kwanza, ilhali jinzi iliyovaliwa miaka mingi imekwisha kunywea. Hilo nitalirekebisha.

Ninachoomba kuelekezwa ni hiki: je, gamu stifu (kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi) ibandikwe kwenye kitenge chenyewe au kwenye bitana? Aidha, pale pembeni ambapo zipu inakutana na tabaka nne za kitambaa, sindano namba 14 imenivunjikia mara mbili. Je, nitumie namba 16 au 18, au nipunguze kwanza unene kwa kukata akiba ya mshono, yaani ukingo wa kitambaa unaobaki nje ya mshono? Kumpelekea fundi sitaki, maana mama nimekwisha kumwahidi kwamba nitaishona mwenyewe.