Kupiga msasa rimu za aloi mwenyewe nyumbani, inawezekana?

Dereva_Kigamboni:
Wakuu habari zenu. Nina Toyota IST yangu, rimu zake za aloi zimechoka, klia (ule utando wa juu unaong'aa kulinda rangi) inabanduka vipande vipande na chini yake kuna michirizi myeupe inatambaa kama minyoo, alafu ya mbele kushoto wife aliisugua kwenye ukingo wa zege pale kanisani ikachubuka pembeni kote (hapa sitaki maoni, tumeshayamaliza). Fundi kanitajia bei nikacheka tu nikaondoka. Grainda ninayo, na msasa namba 80 ulibaki nilipopiga rangi geti. Naanza nao? Na tairi lazima itoke?

Mzee_wa_Klia:
Mkuu weka hiyo grainda chini kwanza. Ile michirizi ni chumvi imeingia chini ya klia inakula alumini, na nyie wa ng'ambo ya feri mnaijua chumvi. Ukipaka rangi juu yake itaendelea kutembea chini kwa chini, miezi michache unaiona tena. Lazima ufike kwenye alumini tupu, kila palipo na mchirizi.

Osha kwanza na sabuni ya vyombo mpaka vumbi la breki liishe, ufute na thina, ndio ushike msasa. Ukianza na msasa kwenye uchafu unayasukumia mafuta ndani. Namba 80 achana nayo, mikwaruzo yake utaihangaikia wiki nzima. 120 pale palipochubuka tu, kwa mkono, alafu 240, malizia na 400 ya kusugulia na maji. Usiende mpaka 1000 eti iwe laini, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) haitapata pa kushika. Na diski iliyogusa geti isiguse rimu kabisa, inaacha chembe za chuma na ndio kutu inapoanzia upya, na vumbi la alumini likikutana na cheche za chuma ni moto huo.

Ukishafika alumini tupu usilale nayo, inaota utando haraka sana. Praima siku hiyohiyo, iwe ile ya alumini yenye asidi, sio ya mageti! Rangi nyepesi nyepesi mara tatu, kila mara subiri dakika 10 hadi 15. Asubuhi ya mvua usipige klia, inaingia ukungu inakuwa nyeupe kama maziwa.

Nyali_Boy:
Mimi niko Mombasa, nilitoa klia yote nikapolish zikang'aa kama kioo, nikasema ya nini kupaka tena. Wiki tatu bro. Ziliganda rangi ya kijivu na madoa, ikawa kila Jumapili niko chini na kitambaa. Kwa sisi wa pwani klia si urembo.

Karata_52:
Tairi si lazima itoke, punguza upepo kisha chomeka karata kuzunguka rimu yote katikati ya mpira na aloi, zinaziba vizuri kuliko gazeti na tepu. Ila kama mchubuko umeingia mpaka kwenye mdomo tairi inapokaa, peleka kwa watu wa pancha waitoe. Pale nati zinapokaa na mgongo unaogusa habu (kitovu cha gari rimu inapofungwa) usipake rangi hata tone, rangi inasagika nati zinalegea. Nati za IST zinakazwa kwa nguvu ya Nm 103 (spana ya kupimia ndio inaonyesha), funga kwa kukata msalaba, yaani nati zinazotazamana kwanza, ukitembea kilomita 50 hivi rudia kukaza.

Dereva_Kigamboni:
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimeanza na ileile ya kanisani, nimeiosha mpaka nyuma ambako sijawahi kugusa tangu ninunue gari. Kumbe kuna mstari mwembamba kama unywele unatoka kwenye mdomo wa ndani unaelekea kwenye mkono mmoja wa rimu, na ukipaka sabuni unatoa vipovu. Ndio maana kila wiki najaza upepo nikimlaumu mtu wa pancha. Hii naweza kuweka puti nikapiga rangi?

Mzee_wa_Klia:
Hapana. Na usimpe mtu aichomelee barabarani. Puti ni ya mikwaruzo, hiyo ni ufa. Tafuta rimu moja ya mtumba, nati 4 kwa 100 (matundu manne kwenye duara la milimita 100), inchi 15, ukague mgongo wake kabla hujatoa hela. Hizo tatu endelea nazo.

Dereva_Kigamboni:
Sawa mzee wangu. Wife anauliza kama ufa nao ni wa kanisani, nimenyamaza.