Honda C70 ya marehemu mjomba: nichonge silinda yake au nifunge injini mbadala?

Mwana Magomeni

Ndugu zangu wapenzi wa pikipiki za zamani, naomba ushauri wa watu waliowahi kuishika kazi ya namna hii kwa mikono yao.

Familia imenikabidhi Honda C70 iliyokuwa ya marehemu mjomba wangu, ambayo imekaa stoo hapa Magomeni kwa miaka mingi bila kuwashwa. Ni ile ya umeme wa volti 6, yenye gia tatu, isiyo na mkono wa klachi, na tenki lake liko chini ya kiti. Fremu ni nzima kwa sehemu kubwa, isipokuwa bati la chini ya kisanduku cha betri limeliwa na kutu kiasi kwamba ukiligusa kwa bisibisi linabonyea na vumbi jekundu linamwagika. Matairi yamepasuka, ngao ya miguu ina ufa upande wa kulia, na ndani ya tenki kuna utando wa petroli iliyoganda.

Injini ndiyo inayonisumbua zaidi. Kiki ilikuwa imegoma kabisa, na fundi wa mtaani alipofungua kichwa cha silinda tulikuta pistoni imeng'ang'ania. Baada ya kuitoa kwa taabu, tuliona kwenye ukuta wa silinda mikwaruzo mirefu inayoshikika kwa ukucha. Fundi ananishauri niachane na injini hiyo, ninunue Gerezani, kule kwenye maduka ya vipuri hapa Dar es Salaam, injini mpya ya Kichina ya cc 110 au 125, kisha yeye aikate fremu kidogo ili injini mpya ikae vizuri. Hilo neno la kukata fremu ndilo lililonifanya nisimamishe kazi.

Naomba kujua kama injini hizo zinaingia bila kukata kitu, umeme wa volti 6 utafanywaje, na kama breki za zamani zitaistahimili nguvu mpya. Sikusudii kufanya bodaboda. Nataka chombo cha kunipeleka Kariakoo na kunirudisha, kikiwa bado kinafanana na kile alichokipanda mjomba.

Fundi wa Ilala

Ndugu, mzuie huyo fundi asiiguse fremu kwa msumeno. Injini ya C70 inashikwa na fremu kwa bolti mbili ndefu zinazopita nyuma ya kasha la injini, moja juu na nyingine chini, na silinda yake imelala kuelekea mbele, karibu sambamba na ardhi. Injini nyingi za Kichina za 110 na 125 zenye silinda iliyolala zimetokana na muundo huohuo wa Honda, na matundu yake ya bolti yamepangwa kwa nafasi ileile. Kwa hiyo ikiwa injini aliyokuchagulia haiingii bila kukata, kosa liko kwenye injini aliyoichagua, na dawa yake ni kutafuta nyingine.

Kuichagua ndiko kunakohitaji umakini, kwa sababu injini hizi zinafanana kwa nje lakini kwa ndani zinatofautiana sana. Chukua yenye klachi inayojifanyia kazi yenyewe kama ilivyokuwa ya asili. Honda walipoitoa Super Cub ya kwanza mwaka 1958, walikusudia mtu anayepeleka chakula aweze kuiendesha huku mkono mmoja umebeba mzigo, na ndiyo maana haina mkono wa klachi. Ukifunga injini ya klachi ya mkono, utalazimika kuongeza waya na mkono kwenye usukani, na utakuwa umeondoa jambo lililoipa pikipiki hii sifa yake. Epuka pia injini zilizotengenezwa kwa ajili ya vigari vya watoto vya magurudumu manne, kwa kuwa baadhi yake zina gia ya kurudi nyuma, ambayo huihitaji na hutaki kuiingiza kwa bahati mbaya ukiwa barabarani. Muulize muuzaji kuhusu mpangilio wa gia vilevile. Zipo ambazo gia zake zinazunguka, yaani ukiwa gia ya juu kabisa na ukakanyaga tena, unaingia frii, na ukikanyaga mara nyingine unaingia namba moja. Baadhi zina kizuizi kinachoruhusu mzunguko huo pale tu pikipiki inaposimama, na nyingine hazina. Isiyo na kizuizi usiinunue, hata ukipunguziwa bei.

Mahali stata ilipo pia paangalie. Kuna injini zenye stata juu ya kasha na kuna zenye stata chini ya silinda, na ile ya juu huweza kugusa fremu. Nenda Gerezani na futi kamba, na ikiwezekana nenda na lile kasha lako la zamani, uyaweke mawili sambamba kaunta kabla hujatoa fedha.

Sasa nikueleze jambo ambalo wengi huligundua injini ikiwa imeshafungwa. Kwenye C70, koki ya petroli ni sehemu ya kabureta yenyewe. Ukitazama chini ya tenki utaona mipira miwili inayoshuka hadi kwenye kabureta, mmoja wa petroli ya kawaida na mwingine wa akiba, na kile kiwiko kidogo cha kufungia kiko ubavuni mwa kabureta. Ukifunga kabureta iliyokuja na injini mpya, koki yako imeondoka, na petroli itakuwa inasukuma sindano ya kabureta usiku na mchana. Sindano ikichoka, petroli inamwagika sakafuni au inaingia kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Funga koki ndogo ya katikati ya mpira pamoja na chujio, na ule mpira wa akiba uuzibe sawasawa au uuunganishe na mwenzake kwa kiungo cha njia tatu. Kabla ya hapo safisha tenki mpaka litoe petroli safi, kwa maana ule utando ukianza kubanduka utaziba jeti, yaani vitundu vya petroli vya kabureta, kila siku.

Kuhusu 110 au 125, mimi nakushauri 110. Injini yako ya asili ni cc 72, na hizi zinazoitwa 110 nyingi ni kama cc 107, ambayo tayari ni nyongeza ya karibu nusu. Breki zako ni za dramu ndogo, na shokapu za mbele za C70 zina tabia ya kuinuka badala ya kuzama unapobana breki ya mbele, jambo linalomshtua mtu aliyezoea Boxer. Badilisha liningi zote, safisha dramu, badilisha waya wa breki ya mbele, na kagua baringi za magurudumu pamoja na spoki. Kazi hiyo ifanyike kabla injini mpya haijawashwa. Fundi akikuambia breki zitafuata baadaye, tafuta mwingine.

Injini ikishafika nyumbani, mwaga oili iliyokuja nayo na uweke mpya, kisha pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Kwa injini za muundo huu tunaweka milimita 0.05, valvu zote mbili. Mpya haimaanishi imepimwa.

Mama Vipuri

Nimesoma maelezo ya Fundi wa Ilala na ninakubaliana naye juu ya fremu, koki na breki. Tunapotofautiana ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini injini ya asili inahukumiwa kufa kwa sababu ya mikwaruzo ya silinda.

Mwanangu, silinda ya C70 ni ya chuma, na kipenyo chake cha kawaida ni milimita 47. Pistoni zake zilitengenezwa pia kwa saizi za kuongeza, kuanzia milimita 0.25 hadi 1.00, makusudi kwa ajili ya hali kama yako. Mchongaji anaondoa ukuta ulioharibika, anaweka mikwaruzo myembamba ya kupishana ili ringi zikae na oili ishike, na silinda inarudi kazini. Kazi ya kuchonga silinda inafanyika kila siku katika jiji hili tangu bodaboda zienee. Nunua pistoni kwanza, umpelekee mchongaji pamoja na silinda, kwa kuwa anachonga kufuata pistoni iliyo mkononi mwake. Ukianza kwa kuchonga, unaweza kubaki na tundu lisilo na pistoni ya kulijaza.

Kinachopaswa kuamua hatima ya injini hiyo ni krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, karibu na tundu la pini ya pistoni, ivute na kuisukuma kufuata urefu wake. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, baringi ya ncha kubwa imekwisha na gharama inapanda. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida. Sikiliza pia baringi za krenki unapoizungusha kwa mkono, kwa kuwa injini iliyolala miaka mingi katika hewa ya pwani hushika kutu kwenye gololi, na kutu hiyo ina mlio mkavu unaoutambua mara moja.

Hata ukiamua kufunga ya Kichina, tafadhali usiiuze hiyo ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipake oili ndani ya silinda na kwenye krenki, ziba matundu yote kwa vitambaa, ifunge ndani ya mfuko mzito na uihifadhi juu, mbali na sakafu. Kwa kuwa injini inatoka kwa bolti mbili, mnyororo, nyaya na mipira michache, unaweza kuendesha na ile mpya huku ya asili ukiifufua taratibu kadiri unavyopata kipuri. Mjomba wako aliiendesha pikipiki ikiwa na injini hiyo, na namba iliyogongwa upande wa kushoto wa kasha ni sehemu ya historia ya chombo chenu.

Umeme Kigamboni

Nitazungumzia umeme tu. Injini mbadala zinakuja na umeme wa volti 12 na cheche za CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachotoa cheche ya plagi, hivyo usijaribu kuchanganya na mfumo wa zamani. Betri, honi, taa zote, pamoja na kile kifaa cha kufanya indiketa zimwekemweke, vyote vibadilishwe viwe vya volti 12. Ongeza rektifaya yenye regyuleta ndani yake, yaani kifaa kinachonyoosha na kudhibiti umeme wa kuchaji betri, na uifunge kwenye chuma kinachopata upepo kwa sababu inapata joto sana.

Kwa kawaida nyaya zinazotoka kwenye sumaku ya injini hizi ni tano. Nyeusi yenye mstari mwekundu inapeleka umeme kwenye CDI, ya buluu yenye mstari mweupe inaipa CDI ishara ya wakati wa cheche, nyeupe ni ya kuchaji, njano ni ya taa, na kijani ni ya ardhini, yaani bodi. Kunaweza kuwa na nyingine ya taa ya frii. Pima kwa mita kabla ya kuunganisha, kwa sababu viwanda ni vingi na rangi si amri.

Swichi yako ya ufunguo inaweza kubaki. CDI inazimwa kwa kuunganisha waya wake wa kuzimia na bodi, ambao mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Mwambie fundi apime kama swichi inaunganisha waya huo na bodi ufunguo unapozimwa, maana wapo wanaoitoa swichi ya asili na kuweka ya plastiki bila sababu yoyote. Ardhi isiyoshika vizuri ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoyasikia. Kwangua rangi mpaka uone chuma, funga bolti, kisha paka grisi juu yake, hasa kama utavuka na pantoni mara kwa mara, kwani chumvi haina huruma.

Mwana Magomeni

Ninawashukuru nyote. Nimeijaribu konrodi kama alivyoelekeza Mama Vipuri, na haichezi juu na chini, kwa hiyo silinda itakwenda kuchongwa pindi nitakapopata pistoni, na wakati huohuo nitatafuta 110 yenye klachi ya kujiendesha kwa masharti ya Fundi wa Ilala. Yamebaki mawili: lile bati la chini ya betri, na kadi ya pikipiki, ambayo ina namba ya injini ya zamani.

Fundi wa Ilala

Kutu ya mahali hapo mara nyingi huletwa na tindikali ya betri, kwa hiyo osha kwanza kwa maji yenye magadi, suuza na ukaushe kabisa. Hapa ndipo kukata kunaporuhusiwa, na ni bati lililooza peke yake, mpaka ufikie chuma kigumu. Fremu hii imeundwa kwa bati lililokunjwa na ndilo linalobeba uzito wote, hivyo kiraka kiwe cha unene uleule na kichomelewe mzunguko wote, si kwa nukta za hapa na pale tu. Tenki litoke kabisa kabla ya kuchomelea, lisogezwe mbali, na betri na CDI vitenganishwe. Baada ya praima na rangi, nyunyizia oili nzito ndani ya uwazi wa fremu na uhakikishe tundu la kutolea maji halijazibwa, maana masika yakifika maji yataingia tu.

Kuhusu kadi, ina namba ya chesisi na namba ya injini, na polisi wa barabarani wanaangalia zote mbili. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, siku unayonunua injini, na uhakikishe namba ya injini imeandikwa juu yake. Nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, na risiti hiyo pamoja na kadi kabla hujaanza kuiendesha, waulize utaratibu wa kurekebisha taarifa na ukaguzi unaohitajika. Kwa kuwa kadi bado ina jina la marehemu, waeleze na hilo siku hiyohiyo, kwani suala la umiliki linaweza kudai nyaraka za mirathi na ni heri uzianze mapema.

Mama Vipuri

Ukipata pistoni, tuma picha ya juu yake inapoonyesha saizi iliyogongwa. Nitakuambia kama ndiyo yenyewe kabla hujamlipa mtu.