Hedifoni Kariakoo: muuzaji anasema "ukifungua boksi umenunua", nyie mnajaribuje?

kijana_wa_mbagala
Wakuu heshima kwenu. Natafuta hedifoni za bluetooth za kufunika sikio lote, bajeti laki mbili hivi, kazi yake kubwa ni kwenye daladala maana kila siku natoka Mbagala mpaka Posta na kwa zile kelele hata simu siisikii. Sasa jumamosi nimezunguka Kariakoo Mtaa wa Aggrey duka la kwanza mpaka la sita, nikimwambia muuzaji naomba nizijaribu ananiangalia kama nimemuomba aniazime shati alilovaa. Mmoja kanijibu kabisa "kaka ukifungua boksi umenunua" na ukutani kabandika mali ikiuzwa hairudishwi. Mwaka jana niliuziwa hivyohivyo, sauti safi tu hamna shida, ila mimi navaa miwani, nusu saa haijaisha vikono vya miwani vinachimba juu ya sikio mpaka kichwa kinauma, nikaishia kumpa mdogo wangu. Sitaki kurudia.

fundi_redio
Mkuu muuzaji nae muelewe, ile nailoni ikishachanwa mteja anayefuata anasema ni yuzdi na bei inashuka. Usiombe boksi, uliza "sampo ipo?" Mara nyingi kuna moja iko kwenye kabati la kioo, hata kama siyo rangi yako mbano ni uleule.
Halafu nenda asubuhi kabla hawajawasha yale maspika ya nje. Mchana besi ya duka la jirani inameza besi ya hedifoni, kila utakayovaa unaiona dhaifu, muuzaji anapandisha sauti mpaka mwisho na wewe unasema eeh hizi kali. Sikio linadanganyika kirahisi sana, yenye sauti kubwa kidogo tu inaonekana ndio nzuri, kwahiyo ukilinganisha mbili hakikisha sauti zimelingana kwanza. Na kataa wimbo wa simu yake!! Pakua nyimbo zako unazozijua mpaka pumzi ya muimbaji. Mimi naenda na taarabu ya zamani, nikisikia kidole kinavyokwaruza uzi wa udi najua hapa sawa, halafu naweka singeli kuona mdundo ukikimbia zinavuruga au hazivurugi.

bi_mdogo_znz
Hizo za kufunika sikio sawa, ila iafoni za kuchomeka ndani jamani hapana 😩 Mimi nilipewa sampo kijipira kina nta ya mtu, muuzaji akakifutia kwenye suruali akanirudishia "tayari dada". Siku hizi natembea na vipira vyangu kwenye pochi japo havikai kwenye kila aina. Na kipira kikiwa kidogo kwa sikio lako besi yote inavuja, utailaumu iafoni bure kumbe badilisha saizi tu.

msee_wa_luthuli
Huku Nairobi pia ni hivyo, ukiguza boksi ni yako. Mimi kabla nitoe pesa naunganisha na programu ya kampuni kwa simu yangu, feki inashika bluetooth fresh kabisa lakini mara nyingi ile programu haiitambui. Na kama una iPhone usikubali kuongezewa bei juu ya LDAC imeandikwa kwa boksi, hiyo ni njia ya kutuma sauti safi zaidi kwa bluetooth, iPhone haina hiyo, inatumia njia ingine inaitwa AAC.

fundi_redio
Nilisahau la daladala. Zile za kuzuia kelele usizijaribu na wimbo, zima kila kitu, vaa, nenda kasimame karibu na jenereta au feni kubwa ndio ubonyeze kitufe. Ule muungurumo ukipotea zinafanya kazi. Ila usitegemee zitamzima konda, zinaweza zaidi mngurumo mzito usiobadilika kama wa injini, mtu anayepiga kelele ghafla anapenya.

kijana_wa_mbagala
Mrejesho wakuu. Nimeenda leo saa mbili na nusu asubuhi, nimeuliza sampo kama mlivyosema, jamaa kanipa na stuli kabisa. Nimekaa nazo na miwani yangu robo saa nzima, yeye anauza chaja mimi nasikiliza. Zile nilizokuwa nazitaka tangu mwanzo dakika ya kumi zikaanza kuchimba palepale kama za mwaka jana, nikazivua. Nimechukua nyingine ambazo hata sikuwa nazijua, sponji yake laini, inalalia kikono cha miwani bila kukisukuma. Jioni kwenye gari injini imekufa kabisa, konda namsikia kwa mbali kama yuko gari la nyuma.

bi_mdogo_znz
Hongera kaka. Kakuuzia ngapi?

kijana_wa_mbagala
Laki na themanini, alianza mbili na ishirini. Nilipovua miwani kuifuta akadhani naondoka.