Logi za DNS: sheria ya taarifa binafsi inahusika au ni mambo ya mafundi tu?

FundiWaya:
Wakuu habari za leo, naombeni ushauri. Nasimamia seva za kampuni ndogo ya intaneti huku mkoani, resolva yetu (seva ya DNS, ile inayomtafutia mteja anwani ya kila tovuti anayoifungua) inatumia programu ya BIND. Juzi nilikuwa nawinda hitilafu nikawasha querylog, ile logi inayoandika kila jina la tovuti mteja analoulizia, nikasahau kuizima, asubuhi nafungua faili nakuta kuna mteja saa nane usiku kaulizia tovuti ya dawa za ARV mara sita, na ile IP naijua ni ya nani maana mi mwenyewe ndo nilimfungia rauta. Sasa bosi kaipenda hiyo logi, anataka tuwe tunatunza mwaka mzima. Nikamwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, anasema hiyo ni ya mabenki na mahospitali, DNS ni protokali tu. Hapo vipi?

Mzee wa Kebo:
Bosi wako yuko sawa. DNS ipo tangu 1983, kila nchi ikija na masharti yake kwenye seva za majina intaneti itakatika vipande vipande.

BintiSeva:
Mzee wa Kebo unachanganya mafaili. Protokali kitu kingine, kuendesha seva kitu kingine. IETF wenyewe, watunga viwango vya intaneti, 2020 walitoa mwongozo wa RFC 8932, inawaambia waendeshaji wa resolva wahifadhi kidogo, wasikae nacho muda mrefu, na wateja waambiwe. Kabla ya hapo, 2016, wakaja na utaratibu wa kutotaja jina zima kwa kila seva, yaani ukitafuta anwani ya .tz seva za mzizi (zile za juu kabisa kwenye DNS) zinaulizwa tz basi, mengine haziwahusu. Hakuna kilichokatika. Ila mafundi peke yao huwa hawana haraka, angalieni WHOIS, ile orodha ya wenye majina ya tovuti (domeni), majina na simu za wenye domeni zilianikwa miaka na miaka mpaka GDPR, sheria ya taarifa binafsi ya Ulaya, ilipokaribia kuanza Mei 2018 ndo ICANN, wasimamizi wa majina ya domeni duniani, wakaanza kukimbizana. Kwangu mimi sheria iseme nini kilindwe, namna ya kukilinda waachiwe mafundi.

Mzee wa Kebo:
Sasa kompyuta ya mteja ikiingia virusi ikaanza kusumbua mtandao utaijuaje bila logi?

BintiSeva:
Siku mbili tatu zinatosha mzee, mwaka mzima unatafuta nini?

FundiWaya:
Asanteni. Nimeshaizima logi kwa amri ya rndc querylog off na lile faili nimelifuta, bosi bado sijamwambia. Yule mteja nimekutana naye dukani leo kanisalimia vizuri tu, mi ndo nikashindwa kumwangalia usoni.